Stoma: Jeraha hupona, lakini upweke hutibiwa vipi?

SIKU ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitalini huwa ya furaha kwa jamaa zake. Nauli huchangwa, nguo safi huletwa, na safari ya kurudi nyumbani huanza kwa dua na shukrani. Lakini kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kufunguliwa njia mpya ya choo au mkojo tumboni, siku hiyo yaweza kuwa mwanzo wa mtihani mwingine.

Akiwa wadini, alizungukwa na wauguzi ambao kwao jambo hilo lilikuwa la kawaida. Mfuko ulipojaa, palikuwapo mtu wa kumsaidia kuumwaga. Ulipovuja, hakuna aliyekunja uso. Sasa yumo ndani ya matatu iliyosheheni abiria, imetoka Msambweni na inaelekea Ukunda. Mkono ameuweka juu ya shati, mahali ulipo mfuko, na moyoni ana swali moja tu: Je, aliyeketi karibu nami ananusa kitu?

Swali hilo, dogo jinsi linavyoonekana, ndilo huwafanya wengi wajifungie nyumbani. Jeraha la upasuaji huchukua wiki kadhaa kupona. Upweke unaotokana na aibu waweza kuchukua miaka, na hauonekani kwa jicho la daktari anayekagua nyuzi za mshono. Ndiyo maana wanaowahudumia wagonjwa hawa husisitiza kwamba kuutuliza moyo ni sehemu ya matibabu yenyewe, wala si jambo la kungojea hadi mwili upate nguvu.

Stoma ni nini?

Stoma ni tundu ambalo daktari mpasuaji hulifungua kwenye ukuta wa tumbo, kisha akalishikiza na sehemu ya utumbo ili uchafu wa mwili utokee hapo badala ya njia ya kawaida. Iwapo ni utumbo mpana uliotolewa nje, huitwa kolostomi. Iwapo ni utumbo mwembamba, huitwa ileostomi. Na iwapo ni mkojo uliopewa njia mpya, huitwa urostomi. Kwa kuwa tundu hilo halina misuli ya kujifunga, mhusika hawezi kuzuia kinachotoka. Huvaa mfuko maalumu unaogandishwa kwenye ngozi ili kukikinga.

Sababu za upasuaji huu ni nyingi. Saratani ya utumbo mpana na ya puru ni mojawapo. Nyingine ni utumbo kujisokota, utumbo kutoboka kwa sababu ya homa ya matumbo, na majeraha ya ajali au ya risasi. Wapo akina mama waliochanika vibaya wakati wa kujifungua au waliopata nasuri, ambao hutengenezewa njia ya muda ili sehemu iliyoshonwa ipate kupona. Wapo pia watoto wachanga waliozaliwa bila njia ya haja kubwa, au wenye maradhi yajulikanayo kwa jina la Hirschsprung, ambapo sehemu ya utumbo hukosa mishipa ya fahamu na kushindwa kusukuma choo.

Baadhi ya stoma ni za muda na hufungwa baada ya miezi kadhaa. Nyingine ni za maisha. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa utulivu wa moyo, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa waziwazi yake ni ya aina gani. Anayeahidiwa kwamba "itafungwa tu" bila kuelezwa lini na kwa masharti gani huishi akihesabu siku, na kila tarehe inayopita humvunja moyo upya.

Hofu zinazotokana na kutojua

Sehemu kubwa ya hofu ya siku za mwanzo hutokana na kukosa maelezo mepesi. Mgonjwa anapoitazama stoma kwa mara ya kwanza huona nyama nyekundu, yenye unyevu, iliyovimba, akadhani ni kidonda kisichofunga. Kumbe rangi hiyo, inayofanana na ya ndani ya mdomo, ni dalili ya afya. Uvimbe hupungua kadiri wiki zinavyopita, kwa kawaida kati ya sita na nane. Stoma haina mishipa ya kuhisi maumivu, na ikitoa matone machache ya damu inapopanguswa, hilo pekee si jambo la kutisha.

Yapo mambo ya kumrudisha mtu hospitalini bila kuchelewa: stoma ikigeuka rangi ya zambarau au nyeusi, damu ikitoka mfululizo, au choo kikikatika huku tumbo likiuma na kutapika kukianza. Mgonjwa anayezijua dalili za hatari huishi kwa amani zaidi kuliko anayeogopa kila kitu.

Kuhusu harufu, ambayo ndiyo hofu kuu, mfuko uliobandikwa sawasawa hauachi harufu kupita. Harufu huja mfuko unapofunguliwa au unapovuja. Kwa hiyo ukaguzi wa mara kwa mara, na kuumwaga mfuko ukifika theluthi moja badala ya kungoja ujae, humpa mtu uhakika wa kuketi na wenzake.

Huzuni iliyo ya haki

Hata mwenye maelezo yote bado anaweza kulia usiku, na hilo halimaanishi kwamba imani yake ni haba au kwamba hana shukrani kwa kuokolewa maisha. Amepoteza kitu. Tangu utotoni, binadamu hufunzwa kwamba haja ni jambo la siri, na kwamba kuizuia ni alama ya utu uzima. Upasuaji huu humwondolea uwezo huo kwa siku moja. Mtu mzima aliyezoea kuheshimiwa hujiona amerejeshwa utotoni.

Huzuni ya namna hiyo huja na kuondoka, na mara nyingi hupungua mtu anapozoea kujihudumia. Hata hivyo, kuna mpaka ambao ukivukwa, msaada wa kitaalamu wahitajika. Iwapo kwa muda wa wiki mbili au zaidi mtu hapati usingizi, hataki kula, hafurahii chochote, amewakataa wageni wote, au anasema kwamba ingekuwa heri asingeamka kutoka kwenye upasuaji, maneno hayo yasichukuliwe kuwa manung'uniko ya kawaida. Huo ni ugonjwa wa mfadhaiko, nao una tiba.

Ishara nyingine hujificha. Wapo wanaopunguza chakula makusudi ili mfuko usijae. Wapo wanaokataa kunywa maji wakitaka kusafiri. Kwa mwenye ileostomi, jambo hili ni la hatari hasa, kwani utumbo mpana, ambao kazi yake ni kufyonza maji na chumvi, haushiriki tena. Katika joto la Diani au Vanga, mtu huyo aweza kuishiwa maji mwilini kwa muda mfupi. Madafu yanayopatikana kwa wingi Pwani humsaidia kwa kiasi, lakini yana chumvi ya sodiamu kidogo, hivyo hayatoshi kushika nafasi ya maji ya chumvi na sukari ya kurejesha maji mwilini, ambayo hutolewa katika zahanati. Aibu, kwa maneno mengine, yaweza kumlaza mtu hospitalini.

Mazingira ya Kwale

Kila mahali pana ugumu wake, na Kwale ina wake. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, kando ya bahari. Anayetoka bara, pande za Kinango au Samburu, husafiri mwendo mrefu kuifikia. Anayehitaji matibabu makubwa zaidi ya saratani huelekezwa Mombasa, na hupitia kivuko cha feri cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu. Safari kama hizo, kwa mtu asiyejua ni wapi atakapopata choo cha kuumwagia mfuko, huwa na wasiwasi mwingi hata kama nauli ipo.

Maji nayo ni suala. Kusafisha ngozi na kuosha mfuko kwahitaji maji safi, nayo huadimika katika vijiji vya bara nyakati za kiangazi. Joto na jasho la mwambao hufanya gundi ya mfuko ilegee mapema kuliko inavyoandikwa kwenye pakiti. Katika nyumba nyingi, chumba kimoja hulaliwa na watu kadhaa, na choo kiko uani, kikitumiwa na familia zaidi ya moja. Pa kujisitiri ni pachache.

Kisha yapo mazungumzo ya mtaani. Ugonjwa usioeleweka hutafutiwa mchawi, na wapo watakaouliza ni nani aliyemroga mwenzao hata atobolewe tumbo. Mgonjwa huamua kunyamaza ili kuepuka maswali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini si haki kumlaumu mgonjwa anayeficha iwapo wanaomzunguka hawajamwonyesha kwamba kusema ni salama.

Hata hivyo, mazingira hayohayo yana faraja zake. Mavazi ya Pwani yanaisitiri stoma vizuri kuliko suruali ya kubana na mshipi. Kanzu, kikoi kilichofungwa juu kidogo, buibui, na leso iliyozungushwa kiunoni huacha nafasi ya mfuko bila kuubana wala kuuonyesha. Kwa sababu hiyo inafaa, pale upasuaji unapopangwa mapema, muuguzi au daktari amtazame mgonjwa akiwa ameketi na akiwa amesimama, amuulize nguo anazovaa, kisha aweke alama ya mahali stoma itakapokuwa. Alama hiyo hupunguza uvujaji baadaye, na kila uvujaji unaoepukwa ni fedheha moja iliyoepukwa.

Funzo la dada wawili

Historia ya mfuko wenyewe yaonyesha jinsi faraja na tiba zilivyoshikana. Nchini Denmark, katika miaka ya 1950, muuguzi kwa jina Elise Sørensen alikuwa na mdogo wake, Thora, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa stoma. Vifaa vya wakati huo vilikuwa duni na vilivuja. Thora aliogopa kutoka nje ya nyumba, akihofia aibu mbele za watu. Mwaka 1954, Elise alibuni mfuko wa kutumiwa na kutupwa, wenye gundi ya kuushika kwenye ngozi. Mwenye kiwanda aitwaye Aage Louis-Hansen alikubali kuutengeneza, na mwaka 1957 kampuni ya Coloplast ikaanzishwa kutokana na kazi hiyo.

Kilichoanzisha yote hayo ni dada aliyeona kwamba mdogo wake, ingawa alikuwa hai, alikuwa ameacha kuishi. Hakumwambia ajikaze. Aliuliza ni kitu gani hasa kinachomzuia kutoka nje, akakishughulikia.

Huko Marekani, katika jimbo la Ohio, mama mmoja aitwaye Norma Gill alifanyiwa ileostomi mwaka 1954 baada ya kuugua kwa muda mrefu vidonda vya utumbo mpana. Alipopona, alianza kuwatembelea wagonjwa wengine waliokuwa wamepitia njia hiyo. Mwaka 1958, daktari wake, Rupert Turnbull wa Cleveland Clinic, alimwajiri awahudumie wagonjwa wa stoma hospitalini hapo. Norma Gill hakuwa muuguzi wala daktari. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba aliyajua maisha hayo kwa mwili wake mwenyewe. Kutokana na kazi ya wawili hao, taaluma ya uuguzi wa stoma ilizaliwa, na mafunzo rasmi yakaanza mwaka 1961.

Waswahili wana usemi kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Daktari aweza kumwambia mgonjwa kwamba atarudi kazini, na mgonjwa akajibu kwa kutikisa kichwa tu. Lakini anapoketi na mtu aliyevaa vizuri, aliyesafiri kwa matatu kumjia, kisha mtu huyo akamwambia kwamba naye ana mfuko chini ya shati lake, mambo hubadilika. Ushahidi umekaa mbele yake. Maswali aliyoyaona haya kumuuliza daktari humtoka: unalalaje, ulimwambiaje mkeo, ulifanyaje ulipovujiwa harusini?

Wapi wa kumpata mwenzi wa safari

Duniani, vyama vya watu wenye stoma vimekuwapo kwa miongo mingi. Shirikisho la kimataifa la vyama hivyo lilianzishwa mwaka 1975, na tangu mwaka 1993 Siku ya Stoma Duniani imekuwa ikiadhimishwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Oktoba, kila baada ya miaka mitatu. Nchini Kenya kipo chama cha Stoma World Kenya, kinachowaleta pamoja watu wanaoishi na stoma na kutetea upatikanaji wa mifuko.

Kwa mkazi wa Kwale, hata hivyo, hatua ya kwanza si lazima iwe safari ya Nairobi. Hatua ya kwanza ni swali moja kwa muuguzi wa wadi au wa kliniki ya upasuaji: Je, yuko mtu mwingine wa pande hizi aliyepitia haya, ambaye angekubali kuzungumza nami? Wauguzi huwaona wagonjwa hao wanapokuja kukaguliwa. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 haimruhusu muuguzi kutoa jina la mgonjwa bila idhini yake, lakini haimzuii kumuuliza kila mmoja kama yuko radhi kuunganishwa na mwenzake. Pande zote mbili zikikubali, simu moja yatosha kuanza.

Si kila mwenye stoma anafaa kuwa mfariji. Anayefaa ni yule aliyekwisha kuzoea hali yake, anayesikiliza zaidi ya kusema, asiyetangaza siri za watu, na asiyejifanya daktari. Inafaa pia wawili hao wafanane kwa kiasi fulani. Msichana wa shule ya upili atafarijika zaidi na mwanamke kijana kuliko na mzee wa miaka 70, na mama wa mtoto mchanga atafaidika zaidi na mama mwenzake.

Jamaa wafanye nini?

Ndani ya nyumba, msaada mkubwa ni wa namna jamaa wanavyoonekana siku za kwanza. Uso unaokunjwa mfuko unapofunguliwa hukumbukwa kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo, ni vyema ndugu mmoja au mwenzi wa ndoa, kwa idhini ya mgonjwa, afunzwe na muuguzi jinsi ya kubadilisha mfuko kabla ya kutoka hospitalini. Mgonjwa atakapokuwa dhaifu, awe na mkono mmoja anaouamini. Atakapopata nguvu, aachiwe ajihudumie, kwani kufanyiwa kila jambo humfanya ajione mzigo.

Maneno ya kumwambia "wengine wana shida kubwa kuliko yako" hayafariji. Wala haifai kumharakisha aache kuhuzunika. Lililo bora ni kumuuliza anahitaji nini leo, kumwandalia mahali pa siri pa kujisafishia pamoja na ndoo, sabuni na kitambaa chake mwenyewe, na kumwita mezani pamoja na wengine badala ya kumpelekea sahani chumbani. Chakula chenyewe hakihitaji kubadilika kabisa. Vyakula kama mahindi ya kuchoma, karanga na vipande vya nazi vinaweza kuziba njia kwa mwenye ileostomi, hivyo huliwa kwa kiasi na kutafunwa vizuri, na baadhi huachwa katika wiki za mwanzo. Samaki, mayai na vitunguu huweza kuongeza harufu au hewa, lakini kila mtu hujifunza mwili wake.

Kwa wanandoa, kimya ndicho kinachoumiza. Mume hudhani mke amechukizwa, na mke hudhani mume bado anaumwa. Mara nyingi wote wawili wanaogopa kumuumiza mwenzake. Tendo la ndoa huwezekana kwa wengi baada ya kupona na kwa ushauri wa daktari. Kuumwaga mfuko mapema na kuufunika kwa kitambaa laini au leso hutosha kuondoa wasiwasi mwingi. Baadhi ya upasuaji wa puru na kibofu hugusa mishipa inayohusika na tendo hilo, na panapokuwa na tatizo, daktari aulizwe bila haya.

Wazazi wa watoto wenye stoma hubeba mzigo wa aina yake. Mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa kwa kawaida hupitia upasuaji wa hatua tatu: kufunguliwa stoma, kutengenezewa njia yake, kisha stoma kufungwa. Katika kipindi hicho mama ndiye anayelaumiwa, kana kwamba alikosea alipokuwa mjamzito. Ukweli ni kwamba kasoro hii hutokea mtoto anapoumbika tumboni, na si adhabu kwa mtu yeyote. Baba anayesimama na kulisema hilo mbele ya ukoo humwondolea mama nusu ya uchungu.

Ibada haikatizwi

Waislamu ndio wengi katika Kwale, na kwa mgonjwa Mwislamu swali la twahara huja mapema, mara nyingi kabla ya swali la kazi. Wapo walioacha kuswali wakidhani kwamba hawawezi tena kuwa safi, na kwa kuacha huko wakapoteza nguzo ya moyo wao pamoja na jamaa ya msikitini.

Mafundisho ya fikihi hayakumwacha mtu huyu. Anayetokwa na hadathi mfululizo bila kuweza kuizuia huhesabiwa kuwa mwenye udhuru. Kwa mujibu wa wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pwani, mwenye udhuru hujisafisha kadiri awezavyo, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, kisha huswali bila kuchelewa, na kila swala ya faradhi huwa na udhu wake. Kinachotoka baada ya hapo bila hiari yake husamehewa. Kuhusu kufunga mwezi wa Ramadhani, hasa kwa mwenye ileostomi, ushauri wa daktari unahitajika pamoja na wa sheikhe, kwa sababu ya hatari ya kuishiwa maji.

Maelezo hayo, yakitolewa na imamu anayemtembelea mgonjwa nyumbani, humrejesha mtu msikitini kuliko nasaha nyingi. Vivyo hivyo kwa Wakristo, mchungaji au jumuiya ndogo ikimtembelea mgonjwa na kumpa kiti karibu na mlango ili aweze kutoka na kurudi bila kutazamwa, imefanya zaidi ya kumwombea kwa mbali.

Msaada wa kitaalamu na gharama

Mwezi wa Septemba mwaka 2023, serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, ambao hutembelea nyumba hadi nyumba wakiwa na vifaa vya msingi. Mhudumu wa kijiji akielezwa kuhusu stoma, anaweza kuwa wa kwanza kutambua kwamba mtu amejifungia, na kumwelekeza kwenye zahanati au kwa mtoa ushauri nasaha. Kwa anayeona giza limezidi usiku na hana wa kumwambia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu isiyotozwa malipo, 1199, ambayo hutoa pia msaada wa kisaikolojia.

Haiwezekani kuzungumzia utulivu wa moyo bila kutaja fedha. Mfuko mmoja waweza kugharimu mamia ya shilingi, na mtu huhitaji kadhaa kila wiki. Wasiomudu hutumia vitambaa au mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, ngozi ikachubuka, harufu ikatoka, na aibu waliyoiogopa ikawa kweli. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, na mgonjwa anapaswa kuuliza ofisi ya mamlaka hiyo hospitalini, kabla ya kuondoka, ni huduma zipi za upasuaji na za ufuatiliaji zinazolipiwa.

Hapo ndipo mila za wenyeji zinaweza kusaidia. Wamijikenda wamekuwa na mweria, desturi ya watu kuungana kumlimia mwenzao shamba. Akina mama wa Ukunda, Gazi na Lunga Lunga nao wana vyama vyao vya kuchangishana kila wiki au mwezi. Jamaa na majirani wanaochanga kwa ajili ya matanga na harusi hawashindwi kuchanga kwa ajili ya boksi la mifuko. Kinachohitajika ni mtu mmoja, kwa ruhusa ya mgonjwa, wa kulieleza jambo lenyewe bila kuling'ong'ona.

Kurudi kazini huja polepole. Kwa wiki sita hadi nane, na pengine zaidi, haifai kuinua mizigo mizito, kwani ngiri hutokea kwa urahisi kando ya stoma. Mvuvi hawezi kuvuta jarife siku hizo, wala mhudumu wa hoteli kubeba masanduku ya wageni. Lakini mvuvi aweza kushona nyavu, na mhudumu aweza kuomba kazi ya mezani kwa muda. Kuwa na shughuli, hata ndogo, humkumbusha mtu kwamba angali na nafasi yake.

Mwisho wa yote, anayepona upasuaji wa stoma hahitaji umati. Anahitaji muuguzi aliyemfunza vizuri, jamaa mmoja asiyekunja uso, kiongozi wa dini aliyemweleza kwamba mlango haujafungwa, na mwenzake mmoja aliyetangulia njia hiyo. Watu wanne hao hupatikana hata kijijini. Na siku atakapopanda matatu bila kuweka mkono tumboni, huenda naye akawa tayari kuitwa wadini Msambweni kumtazama mgonjwa mgeni, kuketi kando ya kitanda chake, na kumwambia kwamba naye alilala hapo.